Sahihi ya Kwamboka

Mwaka wa 1993, katika chuo kimoja cha walimu nje kidogo ya mji wa Kisii, palikuwa na mwalimu wa hesabu aitwaye Mogaka. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliingia darasani kwake kalamu mkononi, tayari kunakili, naye akawaambia wapange viti duara wazungumze. Sifuri iligunduliwa au ilibuniwa? Wahindi wa kale walijuaje kwamba pasipo na kitu panahitaji alama? Siku hiyo mwanafunzi mmoja, Masese, alibisha hadi jasho likamtoka.

Kwamboka, binti wa mkulima wa chai wa Ikonge, alikuwa hajapata kuulizwa na mwalimu yeyote, "Wewe unaonaje?" Wiki mbili alinyamaza. Ya tatu akathubutu.

"Mwalimu, kila mraba una pembe nne. Lakini si kila chenye pembe nne ni mraba. Mbona basi tunageuza maneno kana kwamba ni mamoja?"

Mogaka alipiga makofi. "Wagiriki walikesha juu ya swali hilo! Shika hapo hapo, binti yangu. Ukiweza kuthibitisha, hata mfalme hana la kukufanya."

Tangu hapo Kwamboka aliisubiri Alhamisi, siku ya somo la Mogaka, kama watu wa kwao wanavyoisubiri Sabato.

Mwezi wa Juni karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa bwalo, ikimwita mkuu wa chuo dikteta. Asubuhi yake mkuu aliwakusanya wote uwanjani.

"Aliyeandika uchafu huu ana mwandiko mzuri," alisema, akiipunga karatasi. "Hapa chuoni hakuna mwenye mwandiko mzuri kumshinda Emily. Kwa hivyo ni Emily."

Emily, aliyelala chumba kimoja na Kwamboka, aligeuka kumtafuta mwenzake kwa macho. Kwamboka alijua kwamba si Emily, maana siku karatasi ilipobandikwa Emily alikuwa hoi kwa malaria, hata kijiko hakuweza kukishika. Akainua mkono.

"Mheshimiwa, aliyeandika ana mwandiko mzuri, sawa. Lakini si kila mwenye mwandiko mzuri ndiye aliyeandika. Hata mimi ninao."

Mtu akacheka. Kicheko kikaenea mstari hadi mstari, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Mchana wasichana wote wawili walisimamishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Mogaka naye akaitwa.

"Wewe ndiye unayewafundisha kubishana na wakubwa?" mkuu alimwuliza.

Kwamboka alimtazama mwalimu wake. Mwalimu alitazama ncha za viatu vyake.

"Mimi nafundisha hesabu tu, bwana mkuu. Hayo ameyatoa kwake."

Wasichana wakarudishwa makwao wangojee uamuzi. Mama yake Kwamboka, mjane na shemasi kanisani, aliwaambia majirani kwamba binti yake ni mgonjwa. Kwamboka akarudi shambani, akachuma chai wiki tano bila kuinua uso.

Wiki ya sita Mogaka alifika Ikonge. Mama alifurahi mno, akamchinjia kuku. Walipokwisha kula, mgeni alitoa barua iliyokwisha kupigwa taipu.

"Nimekuombea sana," alisema. "Tia sahihi tu, Jumatatu unarudi darasani."

Kwamboka alisoma. Barua ilisema alimtetea Emily akijua vema kwamba Emily ndiye aliyeandika ile karatasi.

"Mwalimu, huu ni uongo."

"Najua."

"Na Emily je?"

"Emily amekwisha, utie sahihi usitie. Nina watoto wanne, Kwamboka. Ningefanya nini?"

Mama, ambaye hakujua kusoma, alishika mkono wa bintiye, akamwambia kwa Kigusii, "Mwanangu, Mungu amefungua mlango. Usinizike kabla ya siku yangu."

Kwamboka akatia sahihi. Mogaka aliikunja barua, akaisifu chai.

Emily alifukuzwa kabisa, na barua ile ndiyo iliyosomwa mbele ya kamati kama ushahidi. Mogaka akawa naibu wa mkuu. Kwamboka alihitimu, akapangiwa shule ya msingi huko Marani.

Miaka minne baadaye, siku ya soko Kebirigo, alikutana na Emily ana kwa ana, amekaa nyuma ya mafungu ya nyanya, mtoto mgongoni. Kwamboka alitaka kupita. Akasimama.

"Nilisomewa ile barua," Emily alisema, bila hasira. "Nikasema sahihi si yako, wamekuigiza. Nilikutetea mpaka nikatolewa nje. Niambie, si walikuigiza?"

Kwamboka aliokota nyanya moja, akaigeuzageuza.

"Walikuigiza, sivyo?"

"Ndiyo," akasema Kwamboka. "Waliniigiza."

Emily alitabasamu, akamchagulia nyanya nzuri kuliko zote, akazifunga kwenye gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nilijua," alisema.