Utepe Uliokataa Kukatika

Siku roli mpya za chuma za kukamulia karatasi zilipowashwa, Sudesh alijipiga kifua mbele ya kiwanda kizima. Laiti angejua, angejipiga mdomo. Alikuwa fundi mkuu wa sehemu ya kukamua katika kiwanda kimoja cha karatasi nje ya Muzaffarnagar, kaskazini mwa India, kule ambako upepo wa majira ya baridi hunuka sukari guru mpaka nguo zilizoanikwa zinanuka. Alimweleza aliyetaka kusikia na asiyetaka: uji wa makaratasi chakavu ukishatandazwa, maji yake yana njia mbili za kutoka. Ama uyakamue kwa nguvu za roli, ama uyachemshe kwa mvuke yaruke hewani. Na tone lililokamuliwa, alisema huku akichekelea, ni tone ambalo hulichomei pumba boilani.

Ilikuwa kweli tupu. Roli zile ziliibana karatasi katikati ya mablanketi mazito ya sufu, ikatoka kavu kuliko ilivyopata kutoka tangu kiwanda kijengwe. Mitungi ya kukaushia, yaani mapipa ya chuma yanayozunguka yakiwa na mvuke ndani, haikuwa tena na uchu wa mvuke. Mwezi haujaisha, boila la pili likazimwa na mlango wake ukatiwa kufuli.

Aliyekuwa akililisha pumba boila lile ni Kanwarpal, kaka yake Sudesh. Na si kaka wa hivi hivi. Baba yao alipofariki, Kanwarpal aliacha shule ili Sudesh asiache. Alimwoza, alimtafutia kazi hapohapo kiwandani, na mpaka leo wake zao walipika kwenye jiko moja. Mbele ya kaka wa namna hiyo hupazi sauti, huegemei mto, na jina lake hulitamki kamwe, hata akiwa hayupo. Unasema Kaka, basi.

Wenzake wa boila walionyeshwa lango. Kanwarpal peke yake alibakizwa, kwa kuwa Sudesh aliwalilia wakubwa mpaka wakachoka naye. Walimpa nafasi iliyokuwapo: kibarua wa sehemu ya kukamua, chini ya Sudesh. Watu wakampa Sudesh mkono wa pongezi. Yeye alijiona kama mtu aliyejenga chumba kizuri, kisha akagundua kwamba hakuweka mlango.

Amri alizipitisha kwa msaidizi wake, Irshad.

"Irshad, mwambie Kaka afungue maji ya kuoshea blanketi."

Kanwarpal alikuwa amesimama papo hapo, kiwiko kwa kiwiko nao.

"Kaka mkubwa, unaambiwa ufungue maji," Irshad alisema, kisha akamgeukia Sudesh. "Haya, nimefikisha. Niwaletee na simu mpigiane?"

"Mwambie bosi wako maji nimeshafungua," Kanwarpal akajibu, na wote watatu wakacheka. Kwa mambo ya maji, kicheko kilitosha.

Mambo ya utepe yalikuwa mengine. Karatasi ikikatika, mashine haizimwi. Hupunguzwa mwendo tu. Mtu hukata utepe mwembamba pembeni mwa karatasi, akaushika unapotoka kwenye roli, akaupeleka kwa mkono hadi pale mtungi wa kwanza wa kukaushia unapokutana na kitambaa chake. Ukinyakuliwa, anauachia, na karatasi nzima inaufuata. Utepe hulazwa juu ya kiganja kilicho wazi. Kanwarpal aliuzungushia kiganjani akafumba ngumi, kama mtu anayemburuta nyati aliyegoma kutoka bwawani.

Enzi za roli kuukuu hakuna ambaye angemsema. Utepe ulikuwa chepechepe. Ukivutwa kidogo unakatika, na mkono unabaki wako. Huu wa sasa ulikuwa mkavu, mgumu, haukatiki, na hiyo ndiyo sifa ambayo Sudesh aliitangaza kiwanda kizima. Mara ya kwanza kuiona ile ngumi ikisogea kuelekea mtungini, alijua utepe ukinyakuliwa utaondoka na mkono.

"Irshad, mwambie Kaka asizungushe utepe."

"Hilo kamwambie mwenyewe. Mimi ni mtoto wa watu." Lakini akaenda, akamwambia.

Kanwarpal alijibu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye pampu. "Mwambie bosi wako nimeshika kamba za nyati yeye akiwa bado ananyonya! Wa kunivuta mimi hajazaliwa!"

Watu wakaangua kicheko. Sudesh naye akacheka, na huku akicheka alijichukia.

Alimwendea Bwana Goel, meneja, akaomba kaka yake ahamishwe. Bwana Goel hakuinua hata uso. "Nimpeleke wapi? Uliniomba abaki, nikambakiza. Ama akae kwako, ama aende langoni. Chagua." Sudesh akasema akae.

Jioni alimfuata shemeji yake, Bimlesh, aliyekuwa akigeuza mikate jikoni.

"Shemeji, mwambie Kaka kuhusu ule utepe. Wewe anakusikiliza."

"Mimi nimfundishe mume wangu kazi ya kiwandani?" Bimlesh akapiga mkate kofi. "Nani aliyeleta hizo roli? Si wewe? Kamwambie."

"Nitakuwa nimemvunjia heshima."

"Basi na mkono ukivunjika, utauheshimu vizuri."

Akaenda. Kanwarpal alikuwa amejilaza kitandani uani, anavuta tumbaku kwa buruma lake. Sudesh akakaa miguuni pake, akaanza kumkanda miguu.

"Kaka, ule utepe..."

"Ndiyo. Una nini?"

"Siku hizi ni mkavu sana."

"Si ndiyo sifa yake? Umetangaza mpaka mbwa wa langoni anajua." Kanwarpal akapuliza moshi, akamtazama kwa upendo. "Ulinitia fahari siku ile, mdogo wangu. Boila limekufa, sawa. Lakini nilisema, huyu nimemlea mimi."

Baada ya maneno kama hayo, nani angethubutu? Sudesh aliendelea kukanda miguu mpaka kaka yake akasinzia, kisha akaenda kulala na neno lake.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito hata ndani ya kiwanda, na karatasi ikakatika mapema. Mashine ikapunguzwa mwendo. Kanwarpal akakata utepe, akauzungushia kiganjani, akafumba ngumi, akausogeza kwenye mtungi. Mtungi ukaunyakua kabla hajawa tayari. Sudesh, akiwa upande wa pili wa roli, aliuona utepe ukikaza. Aliusubiri ukatike. Haukukatika. Mkono wa kaka yake ukaanza kuondoka.

"Kaka!" akapiga ukelele.

Lakini kiwandani kila mtu ni kaka. Irshad akageuka. Mtu wa pampu akageuka. Wa winchi akachungulia kutoka juu. Aliyeitwa ndiye pekee ambaye hakugeuka, kwa sababu tangu azaliwe hajapata kusikia mdogo wake akimpigia kelele, na wala hakuwaza kwamba kelele ile ni yake.

"Kanwarpal! We mpumbavu, fungua mkono!"

Hilo alilisikia. Aligeuka mdomo wazi, si kwa hofu bali kwa mshangao, na kwa mshangao uleule vidole vyake vikafunguka. Kitanzi kikamchomoka kikiwa na ngozi kidogo ya vifundo vyake. Utepe ukapita, karatasi nzima ikaufuata, na mashine ikarudi mwendo wake kwa raha zote.

Hakuna aliyecheka. Irshad alishughulika na kamba za viatu vyake. Kanwarpal aliutazama mkono wake, akaugeuza, kisha akamtazama Sudesh.

"Ahsante," akasema.

Maisha yao yote hakuwahi kumwambia neno hilo. Ndugu haambiwi ahsante. Anaambiwa mtu baki.

Nyumbani Bimlesh aliubusu ule mkono, akalia, akamwombea Sudesh maisha marefu. Kanwarpal alikula, akaenda kulala. Kulipokucha Sudesh aliinama amguse miguu, salamu yake ya kila siku. Kanwarpal akairudisha miguu chini ya kitanda.

"Acha bwana. Nani anamwinamia kibarua wake? Twende, tutachelewa, bosi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Sudesh. Hasira ingeombewa msamaha.

Kabla ya chai karatasi ikakatika tena. Kanwarpal akakata utepe, akaulaza kiganjani, akasimama. Akamgeukia Sudesh mbele ya watu wote, mkono ameunyoosha.

"Hivi, bosi?"

Sudesh alitaka kumwita Kaka, amlilie palepale kwenye sakafu iliyolowa. Akauona mtungi ukizunguka nyuma ya mkono ule. Kaka angezungusha utepe, kibarua asingethubutu.

"Fungua vidole zaidi," akasema.

Kanwarpal akavifungua upesi, kama kibarua yeyote anayeogopa kufukuzwa, na utepe ukaenda.