Nane Kwenye Nyasi

Shangazi hakuficha maoni yake kuhusu kazi ya binti wa kaka yake, aliyekuwa akiishi naye. "Miaka saba chuo kikuu," aliwaambia majirani, "karudi na ujuzi wa kuchimba mashimo."

Binti alikuwa mwanaakiolojia wa bustani. Alitafuta ardhini vitalu na vijia ambavyo watu wa zamani walivitengeneza kwa mapenzi, kisha vikafukiwa na kusahaulika. Kiangazi hicho alipewa siku kumi kuchunguza uwanja wa nyuma wa maktaba, jumba kuukuu la ghorofa moja, kabla haujawekwa lami ya kuegeshea magari. Barua ya mwenye jumba wa kwanza ilitaja "bustani yenye njia ya kupungia upepo". Ramani haikuwepo.

Siku nne yeye na vibarua wawili walichimba mitaro mifupi hapa na pale, wasikigonge kijia. Kila asubuhi mkandarasi, waliyempachika jina la Bwana Lami, alipita kuchungulia.

"Daktari, umepata dhahabu?"

"Nimepata kijiko."

"Basi tuinjike chungu!"

Siku ya tano alisahau miwani nyumbani. Shangazi akamletea huku akinung'unika, kisha akauliza choo kiko wapi. Akaelekezwa ghorofani. Haukupita muda, kichwa chake kikachomoza dirishani.

"Wewe! Nani kachora nane hapo chini?"

"Nane gani, Shangazi?"

"Nane, namba! Nyasi zimekauka zikafanya nane, nawe umesimama katikati ya tumbo lake!"

Binti alipanda ngazi mbilimbili. Kweli bwana: ukanda wa manjano ulijipinda uwanja mzima. Penye matofali chini, udongo ni haba na nyasi hunyauka mapema. Somo hilo yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi! Alijishika kichwa, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Alasiri, shubiri mbili tu chini, sururu iligonga tofali. Wakaweka sururu kando, wakashika mwiko na brashi. Matofali yakajitokeza moja baada ya jingine, yamepangwa kwa ubavu, hakuna hata moja lililokaa kombo. Ndani ya kila duara la nane kulikuwa na mabaka ya udongo mweusi yaliyofuatana kwa mistari: mashimo ya miche.

Bwana Lami alichuchumaa, akavua kofia. "Fundi huyu alikuwa na mkono," alisema taratibu. Kesho yake yeye ndiye aliyekwenda manispaa na futi yake kuonyesha kuwa magari yangetosha ubavuni mwa jumba.

Wakakubali. Mvua za kwanza ziliponyesha, kijia kilikuwa wazi, kimesafishwa, na Shangazi alikuwa akikizunguka mikono nyuma kama mwenye shamba, Bwana Lami akimfuata.

"Hapa waridi," alisema Shangazi.

"Mama, hapa bilinganya zingestawi sana."

"Bilinganya? Mbele ya wasomi?"

Binti aliwaacha wabishane, akaenda kupima duara la pili.