Moja Ndiyo, Mbili Hapana

...na huo muziki wenyewe, jamani, kinanda kimoja tu kinachokwenda mbele kinarudi nyuma kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, nani alikaa akasema huu ndio utakaowatuliza watu wenye hasira, akavuta fungu la nywele za mteja wake, mwalimu, akaligawa, mwalimu akasema aah, pole mwalimu, akalegeza vidole, kosa la kampuni mwalimu asililipe kwa kichwa chake, na simu iko pale kwenye rafu ya kioo, katikati ya chupa ya mafuta na kopo la vibanio, spika wazi, kinanda kinalia, kisha yule mwanamke asiyechoka anaingia, simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali endelea kusubiri, muhimu kweli, ingekuwa muhimu si mngeipokea, subira huvuta heri lakini heri ya siku hizi mpaka ubonyeze moja, ubonyeze nne, ubonyeze nyota, na ndani ya kioo, nyuma ya bega lake, mama yake amekaa kwenye kiti chake cha mbao cha pembeni, chanuo mkononi, skafu shingoni ikifunika tundu la operesheni, na mapajani kwake Msemaji, kifuniko wazi, skrini nyeusi tii.

Msemaji ni laptopu, wateja ndio walioipa jina, kwa sababu tangu madaktari walipokitoa kile kisanduku cha sauti kilichoota uvimbe, mama huchapa na laptopu ndiyo inayosema, na haisemi kwa ile sauti ya roboti ya kila mtu, inasema kwa sauti ya mama mwenyewe, aliyoirekodi kabla hajaingia kwenye kisu, asubuhi asubuhi hapa hapa saluni, programu ikampa sentensi za kusoma, leo jua linawaka, treni imechelewa kituoni, mama akasoma kidogo akaitupa karatasi, mimi na treni wapi na wapi, akaanza kusema ya kwake, kaa sawa, usitikise kichwa, nani kakuharibu nywele hivi, umekula?, na kile kicheko chake kinachoanzia tumboni, na kwa kuwa hakukubali kufunga saluni ili arekodi, nyuma ya kila neno draya inavuma, mpaka leo mama akisema habari za asubuhi utadhani anakusalimu na kichwa kikiwa ndani ya draya... akisema, au tuseme alipokuwa akisema, maana sasa hasemi kitu, Msemaji kafa, na wa kumfufua kaenda kumuuliza mkubwa wake.

Apdeti, neno lenyewe tu sasa hataki kulisikia, kijisanduku kikaja katikati ya skrini, kuna toleo jipya la programu ya ndani ya mashine, litaboresha utendaji, usizime, usichomoe, mama akakifukuza, kikarudi, akakifukuza, kikarudi tena akiwa katikati ya kisa cha yule bwana harusi aliyekosea nyumba, wateja wote wamekaa mkao wa kula, mama akaona yasiwe mengi, akakubali ili amalize kisa, na ikiwa inaendelea na mambo yake akaingia mteja kutoka kuoshwa, nywele zinachuruzika, na sheria ya saluni hii ni moja na haijawahi kuvunjwa, mteja hasubiri na kichwa kibichi, na soketi ya upande ule ni moja, basi mama akafanya alilolifanya maisha yake yote, akachomoa kilichokuwepo akachomeka draya, kilichokuwepo siku hiyo kikiwa Msemaji, lakini betri ilikuwa imejaa, mwenzangu, imejaa pomoni, na kazi ikaisha vizuri, nembo ya kampuni ikatokea inameta, halafu giza, na tangu hapo feni inavuma na skrini haionyeshi kitu, na yule fundi wa mtaa wa pili alipoiona alicheka kwa uchungu, akamwonyesha rafu yake, ndugu zake Msemaji wamepangwa kama maiti, wote aina moja, wote apdeti hiyo hiyo, waliochomolewa na wasiochomolewa, akasema dada, hii siigusi, kumbukumbu, pale vinapohifadhiwa vyote vilivyomo, imechomelewa kwenye ubao, wapigie wenyewe.

Akawapigia wenyewe. Kila anayepokea ni mpya kama mtoto mchanga, haijui simu iliyotangulia, anataka hadithi tangu mwanzo na ile namba ndefu iliyoandikwa tumboni mwa mashine kwa herufi za sisimizi, wa kwanza akamuuliza umejaribu kuizima na kuiwasha, akamwambia kaka, haiwaki, nitazimaje kisichowaka, akamwambia basi jaribu kuiwasha, wa leo ana sauti ya asali, mteja mpendwa huku mteja mpendwa kule, akauliza je, wakati wa apdeti mashine ilichomolewa kwenye umeme, na kabla hajafungua mdomo mama akagonga chanuo kwenye mkono wa kiti, ko, mara moja, maana ndivyo wanavyoelewana tangu Msemaji afe, moja ndiyo, mbili hapana, na yeye haraka haraka akasema haikuchomolewa, kijana akauliza hicho kinachogonga ni nini, akasema jirani anapigilia misumari, na ndani ya kioo mama akamtazama kwa lile jicho... mwalimu naye akatazama mapaja yake, mwalimu anajua kila kitu na hajasema kitu, Mungu ambariki.

Kisha kijana wa asali akalitoa lililokuwa moyoni mwa kampuni, kwamba watabadilisha ubao wote wa ndani, mashine itarudi mpya, mpya kabisa, kila kilichomo kitakuwa kimefutika, je, mnakubali, na mama akagonga, ko, mara moja, wazi, hata msichana anayeosha taulo kule nyuma aligeuka, na yeye akasema hatukubali, akaongeza sauti, hatukubali hata kidogo, kamuulize mkubwa wako kama kuna njia nyingine, kijana akasema sawa mteja mpendwa, ila nikirudi nitamhitaji mwenye mashine mwenyewe, ayajibu yote mawili kwa sauti yake, simu hii inarekodiwa, akamwambia mwenye mashine hawezi kuongea, ndiyo kazi ya mashine yenyewe hiyo, unasikia kabisa kijana anapekua maneno aliyoandikiwa, akasema, "Nimekuelewa. Basi naomba umpe simu, athibitishe mwenyewe kwamba hawezi kuongea."

Kinanda. Hapo ndipo kinanda kilipoanza, na mpaka sasa kinaendelea, na yeye anasuka mstari wa kati na mpango ameshaupanga, mpango hauna jasho, sauti ya mama anayo kooni mwake mwenyewe, wote wanajua, mama mkubwa akipiga simu huanza kusengenya hajauliza ni nani, na baba, Mungu amrehemu, zamani akipiga simu ya nyumbani alikuwa anamwaga maneno matamu mpaka akatizwe, baba, ni mimi, basi kijana akirudi atakohoa kidogo, atashusha sauti iende tumboni, ndiyo, ni mimi mwenyewe, sikuchomoa, na kufuta sikubali, itafuteni njia, nani atajua, kompyuta zao zitarekodi zitaridhika, na sauti itabaki salama humo gizani mpaka apatikane wa kuitoa, hata ikae mwaka, hata ikae miaka... simu yako ni muhimu kwetu... hata ikae miaka, na mama aseme na nini hiyo miaka, si karatasi zipo, kalamu zipo, mama anaandika, mwandiko mzuri, juzi aliandika kisa cha kuchekesha, karatasi ikapita mkono kwa mkono chini ya madraya, huyu hana miwani, yule vidole vina mafuta, wa kwanza akacheka peke yake, wa pili akacheka wa kwanza ameshanyamaza, wa mwisho hakucheka, aliuliza hili ni neno gani, na mama akaifunika kalamu akaiweka mfukoni na hajaitoa tena tangu siku hiyo, wewe uliliona hilo, akajiambia, uliliona ukaendelea kufagia nywele.

Lakini ikifutika imefutika, nakala nyingine hakuna, maji yakimwagika hayazoleki, hakuna koo jingine la kurekodia, na daktari bado anasema tuendelee kuangalia, neno baya hilo, tuendelee kuangalia, hakuna mtu mzima anayeangaliwa bure, na siku yenyewe ikija... usiseme, akajikataza, akafunga fundo, siku ikija ataifungua mashine atabonyeza umekula?, kama alivyokuwa akifanya kabla Msemaji hajafa, mama akiwa bafuni, alifanya, kwa nini asifanye, aliibonyeza kwa sauti ya chini, umekula?, na draya nyuma inavuma, na yeye alikuwa anajibu, mtu mzima na akili zake anaijibu laptopu, nimekula mama, na aliifunga haraka akisikia maji yamezimwa... sasa je, nani anayeitaka hiyo sauti, jamani, hebu tuseme ukweli, nani aliyegonga mara moja na nani aliyesema hatukubali.

Mwalimu akauliza kama mkia utakuwa mrefu, akasema mrefu mwalimu, huku kimawazo hayupo hapo, yuko kliniki, siku ile kabla ya apdeti, nesi ana faili mkononi anauliza mgonjwa anaumwa, haulizi kwa ubaya, anamtazama anayeongea kama watu wote wanavyofanya, na yeye akajibu kidogo tu, kama alivyojibu mara iliyopita na ile ya kabla yake, kidogo tu, anaendelea vizuri, kwa nini alisema hivyo, kwa sababu ndivyo alivyotaka iwe, nesi akaanza kuandika, na mama vidole vikawa vinatembea kwenye herufi taratibu, na Msemaji akasema, kwa sauti ya mama, draya ikivuma nyuma kana kwamba kuna harusi mahali, "Usinijibie. Naumwa sana." Nesi aliinua kalamu. Siku hiyo ndiyo mama alipoandikiwa dawa ya maumivu inayofaa, siku hiyo na si kabla, na njiani kurudi wala hakumlaumu, alimshika kiganja tu, na yeye alilia akasingizia vumbi, akaapa moyoni hatamjibia tena, na leo hii, kiapo hakijakauka, kamjibia mara mbili mbele ya wateja na anajiandaa kumjibia ya tatu kwa koo la wizi.

Loo. Vidole vikasimama kwenye nywele za mwalimu. Sauti ile aliirekodi ili aseme nayo, mama hakuwa anamwekea mtu ukumbusho, alitaka kusengenya, kupatana bei, kumwambia nesi naumwa sana, na kama sauti haipo basi hata ya roboti, hata ya mwanamume, hata ya huyu wa simu yako ni muhimu, mradi akifungua mdomo saluni igeuke, na wewe unataka kumfungia mdomo ili uje kuusikiliza akiwa hayupo, mwanangu wewe, akajiita hivyo kama mama anavyomwita, mwanangu wewe, na machozi yakaja bila kubisha hodi, akayafuta kwa kiwiko maana viganja vina mafuta, akasema samahani mwalimu, akaichukua simu kwenye rafu, kinanda kikamfuata mkononi, akaenda nayo hadi pembeni akaiweka juu ya mkono wa kile kiti cha mbao, pale pale chanuo linapogonga.

"Wakirudi, jibu mwenyewe, mama," akasema. "Yote mawili. Wakiuliza ni nini kinachogonga nitawaambia ni mwenye mashine."

Mama akamtazama muda, kisha akagonga, ko.

Akarudi kwa mwalimu, akaushika mkia alipouachia, kinanda sasa kinatokea nyuma yake, tafadhali endelea kusubiri, na huenda kijana akasema ko si sauti, huenda akasema mlichomoa basi mtajijua wenyewe, huenda laini ikakatika waanze upya na mtoto mchanga mwingine, kampuni haijabadilika, skrini haijabadilika, na ndani ya kioo mama anapunga chanuo, anataka atazamwe, akamtazama, akamtazama usoni, na hapo akagundua kwamba tangu Msemaji aingie saluni hii hakuna aliyemtazama mama mdomoni, wote walitazama skrini, na ule mdomo haukuwahi kuacha kusema, ulikuwa unasema maneno yote pamoja na vidole siku zote, na sasa unasema, polepole, midomo inafumba inafunguka, hakuna sauti, hakuna hata draya nyuma yake, inafumba, inafunguka, inarudia ili mjinga aelewe, na akasikia, wallahi akasikia.

"Bado, mama," akasema. "Nikimaliza kichwa hiki nitakula."