Hakimu Amevuka Yala

Mimi sisahau. Namkumbuka diwani aliyelala katika chama chetu akaamka katika kingine. Hata shati alilovaa nalikumbuka. Msaliti nikimwona namwambia sokoni, mchana, mbele ya mkewe. Lakini wiki ile sikujua nimkasirikie nani.

Hakimu alikuwa fahali wa jirani yangu Sylvanus, mweusi, mwenye nundu kama jiwe la kusagia. Hapa Iguhu fahali haendi kupigana kimya kimya. Ngoma za isukuti hutangulia, vijana hufuata na matawi, na mwimbaji hukimbia kando ya sikio lake. Mwimbaji wa Hakimu nilikuwa mimi. Nikiita, "Nani anakata kesi?" kijiji kizima kinajibu, "Hakimu!" Na fahali wa ng'ambo ya mto Yala walikuwa wanakimbia hata kabla ya kuguswa.

Kisha Bramwel, mwana wa Sylvanus, akataka kuoa ng'ambo hiyo hiyo. Wakwe wakakataa ng'ombe wa maziwa. Walimtaka Hakimu, kwa jina. Sylvanus akampeleka.

"Umetuuza!" nilimwambia.

"Mahari ni kuuza? Wewe ulipooa ulipeleka nini, hotuba?"

"Ungekataa!"

"Nikatae, mtoto azeekee jikoni kwangu?"

Nikamgeukia bibi harusi, Muhonja. Nilimkuta jikoni kwa Sylvanus akisonga obusuma, ugali wetu, nikamuuliza Jumamosi, Hakimu akija kupigana na fahali wetu mpya, atashangilia upande gani.

"Baba, si nimeolewa huku? Nitashangilia huku."

"Dhidi ya Hakimu?"

Mwiko ukasimama. "Huyo nilimchukia tangu nikiwa mdogo. Alikuwanga anawaumiza ng'ombe wetu. Sasa analala kwa mama, mama anamkatia nyasi. Nimchukie vipi? Wewe ndiye unajuanga mambo ya kuhama, niambie."

Nikaondoka nikiwahesabu waliohama. Diwani alihama kwa tamaa. Hakimu alivutwa kwa kamba. Na huyu msichana je?

Jumamosi asubuhi tulimpeleka uwanjani fahali wetu mpya, Radi, mchanga bado, kumkabili Hakimu. Bramwel akanishika bega.

"Mzee Patroba, leo umtukane Hakimu. Si una zile nyimbo zako za kutukana serikali? Badilisha jina tu."

Nilikuwa nimeshabadilisha. Nilikuwa na wimbo mkali, tayari mdomoni.

Hakimu aliletwa na ngoma za watu asiowajua, kichwa chini, kama anayeenda kuogeshwa dawa ya kupe. Pembe zikagongana. Radi akamsukuma. Akamsukuma tena, miguu ya nyuma ya Hakimu ikateleza, watu wetu wakaruka juu. Bramwel akanipigia kelele, "Sasa, mzee! Mmalize!"

Nikafungua mdomo.

"Nani anakata kesi?"

Sijui wito huo ulitoka wapi. Wala sijui, mpaka leo, kwa nini upande wetu wote, Sylvanus, wapiga ngoma, Bramwel mwenyewe na matawi yake, ulijibu kwa sauti moja: "Hakimu!"

Masikio yake yakasimama. Akazamisha pembe, akamrudisha Radi nyuma mpaka kwenye ua, na Radi akageuka, akatimka mbio kupitia mahindi ya watu.

Upande wetu ukashusha matawi. Muhonja peke yake alipiga kigelegele, kisha akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Watu wa ng'ambo walinivamia, wakaniinua mabegani. "Mwimbaji wetu! Mwimbaji wetu!"

Bramwel akanivuta mguu. "Shuka, mzee! Umetusaliti!"

"Na wewe ulijibu nini?"

Akauachilia mguu. Akamtazama baba yake, baba yake akatazama ngoma.

Kutoka kule juu nilimwona Hakimu, shingo imechubuka, akinusa upepo wa upande wetu, huku mgeni mmoja akimfunga kamba. Nilitafuta hasira yangu, nikaikosa.

"Tuelekee wapi, mzee, kwenu au ng'ambo?" akauliza yule aliyenibeba.

Nikamwambia angoje kwanza.