Nakala ya Jumapili Iliyopita

"Mama Shallon, hiyo fleshi unaifundika kwenye pindo la kitenge kama dawa ya kienyeji, kwani inatibu nini?"

Jirani yake Jovia aliwahi kumuuliza Daphrose hivyo pale mtaani Kabeza, wakitoka misa. Akamjibu kwamba inatibu usahaulifu, akaendelea na njia yake.

Humo mlikuwa na pasiwedi zote za kwaya ya misa ya Kiswahili: ya barua pepe, ya chaneli ya nyimbo, zote. Mwalimu Karangwa alizikusanya kwenye programu moja, akazifungia kwa pasiwedi kuu ambayo kamati nzima iliijua. Lakini Daphrose, mtunza vifaa, hakupenda kitu cha watu wengi kikae mahali pamoja. Aliyefiwa hujua. Kila Jumapili alimganda mwalimu ampe nakala, mpaka mwalimu akachoka, akamfundisha aitoe mwenyewe. Alimwandikia hatua nne kwenye daftari, akamtania kwamba darasa lake la sita sasa limekuwa chuo kikuu. Tangu hapo, wenzake wakinywa chai, yeye huketi kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia, kidole kimoja kimoja, akatoa nakala yake.

Mwezi wa tano Karangwa akakosana na Connie, mwenyekiti wa kwaya. Kesho yake programu ilikuwa imefutwa kwenye kompyuta ya ofisi. Ilibaki kwenye laptopu ya Karangwa tu, tena kwa pasiwedi kuu mpya. Akatuma ujumbe kwenye kundi kwamba apewe uenyekiti, la sivyo Jumamosi anafuta nyimbo za zamani, akianza na zile ambazo besi la marehemu Laurean limefunika wenzake.

Laurean alikuwa mume wa Daphrose. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote chini ya jua.

Daphrose alisali rozari nzima bila kuruka punje, kisha akampigia Connie. Walipokutana ofisini, wakapakua programu upya na kuchomeka fleshi, Connie hakuwa na imani. Si mwalimu amebadilisha pasiwedi? Daphrose akamweleza kwamba amebadilisha ya leo. Nakala ni ya Jumapili iliyopita, nayo hufunguka kwa ufunguo wa Jumapili iliyopita.

Ikafunguka. Pasiwedi ya chaneli yenyewe mwalimu hakuwa ameigusa; wakaingia, wakaipa mpya, wakaenda zao kununua nyanya.

Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, watu wakaja ukumbini na majani bado kwenye viatu. Karangwa alikuja na laptopu kwapani na masharti mawili, akiwa njiani akaongeza la tatu. Daphrose alimsikiliza akiitikia kwa kichwa. Mungu amekataza uongo, kunyamaza hakukutaja.

"Mwalimu," akasema alipomaliza, "kabla hujafuta, tuwekee ule wa Pasaka, tuusikie mara ya mwisho."

Karangwa akaandika. Akangoja. Akaandika tena.

"Mtandao wa hapa mbovu."

"Pole, mwalimu. Nenda polepole, kidole kimoja kimoja, kama ulivyonifundisha mimi."

Sauti ya pili wakaanza kukohoa kwenye mikono yao. Karangwa akainua uso.

"Nani ameingia humu?"

"Nakala ya Jumapili. Zile hatua zako nne, mwalimu, sikuruka hata moja."

"Mama Shallon, huo ni wizi."

"Basi twende kwa padri, kila mtu aseme alichofanya. Utatangulia wewe au nitangulie mimi?"

Karangwa hakuwa na haraka ya kwenda kwa padri. Connie akabonyeza simu yake, na ule wa Pasaka ukaanza. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu, halafu Laurean akaja na besi lake akawafunika wote bila huruma, kama kawaida yake. Daphrose akafumba macho.

Alipoyafumbua, Karangwa alikuwa amefunga laptopu. Akaibana kwapani, akapita katikati ya waimbaji, akatoka.