Maneno Kwenye Fulana ya Mama

Mimi na aibu tulikutana soko la Delanggu, saa mbili asubuhi, mbele ya meza ya mama yangu ya pilipili na vitunguu.

Nilikuwa nimetoka Yogya kwa pikipiki kuja kumwalika kwenye onyesho letu. Bendi yetu inaitwa Kursi Rotan, yaani kiti cha henzirani, kwa sababu tulipoanza tulikuwa na kiti kimoja na wapigaji watatu: mimi Seno na gitaa, Gendis na ukulele wake, na Binsar, Mbatak wa Medan, kisiwa kingine kabisa, na lile sanduku la mbao analolikalia na kulipiga kama ngoma. Kampuni hatuna, meneja hatuna. Tunarekodi chumbani kwa Binsar, magodoro yamesimamishwa ukutani, na jogoo wa jirani akiwika tunaanza upya. Miaka minne hakuna aliyetujua. Kisha nikaandika wimbo wa mama.

Niliuandika kwa Kijava cha adabu, kile cha juu. Hapo ndipo kiherehere changu kilipoanza. Gendis amekulia Jakarta, kwenye Kiindonesia. Kijava cha Binsar ni cha kununulia wali tu. Waliponiuliza, "Kaka, una hakika na haya maneno?" nikatanua kifua: "Kwetu tumelelewa kwa lugha hii." Uongo mtupu! Nyumbani nilikuwa namjibu mama kwa Kiindonesia, tena kwa mkato. Redioni nikaurudia uongo uleule, mtangazaji akanisifu, nami nikasifika. Kiitikio kikashika. Vijana wakakiimba kwenye simu zao nchi nzima, tukakichapa kwenye fulana: *Ibu tilem, kula sare*. *Ibu* ni mama, *kula* ni mimi, na yale mengine mawili ni kulala: mama barazani pa soko, mimi kwenye godoro. Fulana ya kwanza kabisa nilimpelekea yeye.

Na asubuhi ile alikuwa ameivaa.

"Huyo, bwana mkubwa kafika!" Huyo ni Mbah Warsi, bibi anayeuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, meza ya jirani, na sauti yake huwa haijui siri. "Mheshimiwa umeamka? Tukutandikie?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nami, zuzu, nikacheka nao.

"Mbah, mbona leo mna raha hivyo?"

"Leo? Raha yetu ina miezi mitatu, tangu mama yako aanze kuvaa hilo tangazo." Akaelekeza kisu cha tempe kwenye kifua cha mama. "Hebu tusomee wewe msomi. Hapo nani *sare*?"

"Mimi."

"Ehee! Na mama yako?"

"*Tilem*."

Nilipolitamka kwa mdomo wangu mwenyewe, pale, mbele yake, ndipo nikalisikia.

Kwetu kulala kuna daraja. Ukijitaja mwenyewe, unasema *tilem*. Mama, babu, mwalimu, hao ukiwataja ni *sare*, neno la heshima, na hakuna mtu mwenye akili zake anayejipa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeyapindua. Nilijipa heshima mwenyewe, mama yangu nikamweka chini kama kijakazi, halafu nikamvalisha matusi hayo kifuani akae nayo sokoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na pilipili zote juu yangu.

"Mama, ivue hiyo."

"Niivue kwa nini? Nzito hii, asubuhi inanikinga baridi."

"Kwani ulijua?"

"Tangu siku uliyoileta."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mama aliendelea kuchambua vitunguu. "Ulikuja na furaha yako, mwanangu. Ningeikata vipi?"

"Kuuliza si ujinga," Mbah Warsi akadakia. "Mama yako kawatumikia wenye vyeo mjini Solo miaka kumi na moja kabla hujazaliwa. Hiyo lugha aliila na kuinywa."

Hapo sasa nitasema ukweli, hata kama unanichoma. Nilipokuwa naandika ule wimbo, simu ilikuwa mkononi. Ningeweza kumpigia. Sikumpigia kwa sababu nilidhani muuza pilipili atanifundisha nini mimi? Nikatafuta maneno kwenye mtandao.

"Nimekukosea, mama."

"Wala hukukosea." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Miaka ile mimi nilikuwa najilaza tu, sikio moja likisubiri lori la mboga. Wewe ndiye uliyekuwa ukilala kama bwana. Umeandika ilivyokuwa."

Alisema bila ubaya hata chembe, na ndicho kilichonimaliza. Angenitukana, ningejua pa kushika.

Niliporudi, Binsar alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye sanduku lake, kisha akainuka ghafla. "Yaani siku zote hizi nampigia ngoma mama yako atukanwe? Mimi Mbatak nina udhuru, wewe Mjava una nini?" Gendis hakucheka. "Jumamosi unayageuza," alisema. "Ni maneno mawili tu, yanakaa kwenye mdundo uleule."

Jumamosi alasiri, uwanja wa Klaten ulijaa. Mama alikuwa kiti cha mbele na Mbah Warsi, na fulana yake ileile. Kiitikio kilipofika nikakiimba sawasawa, tena kwa nguvu: *Ibu sare, kula tilem*.

Hakuna aliyenisikia. Maelfu ya vijana, macho yamefumbwa, mikono juu, waliimba kile nilichowafundisha mimi. *Ibu tilem, kula sare!* Nikarudia, wakanizidi. Walikuwa wanakipenda, masikini, wengine wakilia. Na kila aliyekuwa akilia aliniongezea aibu.

Nikamtazama mama, angalau anione ninavyohangaika. Alikuwa amelala. Yuko macho tangu saa nane usiku akipokea mboga, na sasa kidevu kimeshuka mpaka kwenye yale maneno, mdomo wazi kidogo, katikati ya kelele zote zile.

Nikazima nyuzi kwa kiganja. Binsar na Gendis wakaacha. Umati ukaimba mstari mzima peke yake, kisha ukanyamaza, ukidhani mitambo imezimika.

Nikasogea kwenye maikrofoni. "Naombeni kimya," nikasema. "*Ibu saweg sare*." Mama amelala, nilisema, na safari hii nilimpa neno lake.

Mbah Warsi alininyooshea kidole gumba, mkono wake mwingine ukishikilia kichwa cha mama kisidondoke. Sikuweza kuwatazama. Nilisimama pale mbele ya watu wote, nikitazama viatu vyangu, mpaka alipoamka.