Aliyekuja kwa Tairi Moja

Griffin Osiako alifika kwenye makumbusho ya marehemu Wesley kwa tairi moja. Watu wengine waliingia kwa miguu au kwa bodaboda, kwa adabu, wakivua kofia langoni. Yeye alianzia kule kwenye kona ya barabara ya Butere, akaiinua ile pikipiki yake kubwa, jitu lenye masanduku ya chuma ubavuni ambalo wazungu hulitumia kuzunguka dunia, akaja nalo limesimama kama fahali anayepanda uzio, tairi la mbele likizunguka hewani bila kazi. Mbele ya lango la Muhonja akalishusha taratibu, bila kishindo. Vijana wa bodaboda walishangilia na kupiga honi mpaka mbwa wakakimbilia shamba la miwa.

Muhonja alikuwa jikoni anasonga obusuma. Aliusikia mngurumo ule, mwiko ukatulia kidogo mkononi. Umekuja, alisema moyoni. Karibu sana, mbwa wewe.

Mwaka mzima alikuwa na hamu moja tu. Alitaka Griffin ajulikane, mchana kweupe, mbele ya watu wale wale wanaompigia makofi, kwamba yeye ndiye aliyemuua Wesley. Wesley alikuwa mtoto wake wa pekee.

Kijana huyo alikuwa mwendesha bodaboda pale Ekero. Jioni moja alisimama kando ya barabara kumfungia bibi kizee mmoja gunia lake la mahindi, na kitu kikaja kikamzoa, kikaenda zake bila kusimama. Bibi yule hakujua pikipiki na majina yake. Alichosema ni kwamba kitu hicho kilikuja na mguu mmoja, na taa yake ilikuwa inamulika juu kwenye matawi. Askari aliyechukua maelezo alicheka, akauliza tangu lini pikipiki ikawa na miguu. Lakini Muhonja hakucheka. Pikipiki kubwa kama hizo zilikuwa chache sana upande ule. Daktari mmoja alikuwa nayo, na padri mmoja, na wote wawili waliziendesha kama watu waliobeba trei ya mayai. Wa kusimamisha uzito ule wote juu ya tairi la nyuma alikuwa mmoja tu.

Griffin alisema siku hiyo alikuwa Kisumu. Marafiki zake wakasema naam, alikuwa Kisumu. Basi yakaishia hapo, maana Griffin alikuwa na duka kubwa la vifaa vya ujenzi, makanisa yalijengwa kwa saruji yake, na watu walikuwa wameanza kumtaja kwa udiwani. Nani angemsikiliza mjane anayepalilia miwa ya watu?

Tena Muhonja asingekuwa na hakika, kama si Musimbi.

Musimbi, mama yake Griffin, alikuwa mwenzake katika chama cha akina mama kanisani. Kwa miaka mingi waliimba kutoka kitabu kimoja. Wesley alipokufa, Musimbi alifika kabla ya wengine. Aliteka maji, alipuliza moto, alilia mpaka sauti ikakauka. Lakini hakutia hata tonge moja kinywani. Siku ya kwanza alisema ni meno. Kesho yake akasema ni tumbo. Chai ilipomfikia, aliipitisha kwa jirani yake. Na pale Ekero hakuna asiyejua jambo hili, hata watoto: mtu aliyemwaga damu hali chakula cha nyumba aliyoitia msiba, yeye wala jamaa zake, mpaka wazee wakalishwe, ukweli usemwe na kondoo achinjwe. Akila kabla ya hapo, tumbo hufura akafa. Muhonja aliitazama midomo ya rafiki yake ilivyokauka, akaelewa yote. Hasira ile aliilea kama mtu anavyolea kuku wa kufuga, kila siku punje kidogo.

Ndipo makumbusho haya yakapangwa. Muhonja alimtuma Osundwa, mwenyekiti wa wanabodaboda, akamwalike Griffin aongoze msafara, kwa kuwa vijana wote walimhusudu. Mtu anayetaka kura hawezi kukataa mwaliko kama huo. Kwa Musimbi alikwenda mwenyewe, akamshika mkono. "Mama Griffin, njoo tukae wote siku hiyo. Bila wewe mimi nitaona uzito." Musimbi alitafuta udhuru, akaukosa.

Sasa vijana walikuwa barabarani wanadai burudani. "Rudia! Rudia!" Griffin hakuhitaji kubembelezwa. Alirudi hadi kwenye kona, akavuta mafuta, mashine ikainuka tena, na safari hii alisimama wima juu ya vikanyagio, mkono mmoja hewani, anawapungia watu kama mbunge. Muhonja alitoka hadi langoni, anafuta mikono kwa leso. Alisubiri mpaka Griffin akazima mashine.

"Mulembe, mwanangu. Hiyo kitu unaiwezanga kweli. Lakini niulize tu, maana mimi ni mshamba. Ukiinua hivyo, mbele unaonanga nini?"

Griffin alivua kofia ya chuma, akatabasamu na kundi lake lote. "Mbele? Mama, mbele sionangi kitu! Naona mbingu peke yake."

Watu walicheka. Muhonja pia alicheka, na ndani ya leso vidole vyake vilikuwa vinabana kitambaa mpaka vinauma. Mbingu. Mwanawe alikuwa chini, ameinama juu ya gunia la mtu, na huyu alikuwa anaangalia mbingu.

Baada ya sala watu walikaa kula. Muhonja alimweka Griffin kwenye meza ya mbele, mama yake ubavuni. Alileta maji ya kunawa kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaleta sahani ya obusuma na ingokho, kuku wa kienyeji, na juu yake akaweka firigisi, kipande anachopewa mwanamume mwenye nyumba na si mtu mwingine.

"Hii angekula Wesley," alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Leo nimempa Griffin. Hawa vijana ndio wanamwonanga kama kaka yao mkubwa."

Makofi yalipigwa. Griffin alinawa. Yeye alikuwa amesomea Nairobi, na mambo ya tumbo kufura aliyaona ni hadithi za kutishia watoto. Muhonja alilijua hilo vizuri. Alijua kijana yule angekula firigisi, na mapaja, na mchuzi angeomba uongezwe. Mtego hakuutega kwa ajili yake. Alirudi hatua moja nyuma akamtazama Musimbi.

Musimbi alikuwa anatokwa jasho kwenye mdomo wa juu. "Griffin," alisema chini chini. "Hebu nikufungie hiyo. Utakulia nyumbani."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Nimesema utakulia nyumbani."

Griffin akakata tonge, akachukua firigisi, akaipeleka kinywani. Hapo Musimbi aliruka. Aliupiga mkono wa mwanawe kwa nguvu zake zote, firigisi ikaanguka kwenye nyasi, sahani ikafuata.

"Usile! Usile chakula cha huyu mtoto! Unataka tumbo ifure ufe, mimi niachwe na nani?"

Osundwa alisimama polepole. "Mama Griffin," alisema, "kwa nini asile?"

Musimbi alijifunika kinywa kwa mikono miwili, lakini maneno yalikuwa yamekwisha toka. Griffin alitazama pikipiki yake, akaona kijana mmoja amekwisha chomoa ufunguo. "Sikumwona!" alifoka. "Nilikuwa nimeinua! Haki ya Mungu, sikumwona!"

"Uliona mbingu," Muhonja alisema.

Ua ulilipuka. Mtu alidai petroli, mwingine akashika ukosi wa shati la Griffin, na wale wale waliokuwa wakisema rudia walikuwa sasa wanatafuta mawe. Musimbi alijitupa chini akamshika Muhonja miguu.

"Mama Wesley, nakuomba. Niko na huyu mmoja tu."

"Hata mimi nilikuwa na mmoja."

Hakumwinua. Rafiki yake wa miaka yote hiyo alikuwa vumbini, na Muhonja alimwacha huko huko. Ilikuwa tamu, tusidanganyane. Ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia, na hakuona haya.

Kisha akapaza sauti juu ya zile nyingine zote. "Hakuna mtu atamgusa! Mkimchoma, atalia dakika kidogo, atamaliza. Mtu akikufa hajuangi kitu tena. Mimi nataka huyu ajue. Alale akijua, aamke akijua. Osundwa, piga simu kwa polisi, na uwaambie hii maneno yote tumesikia sisi wote."

Walimketisha Griffin kwenye kiti cha plastiki katikati ya ua, vijana wamemzunguka. Muhonja aliingia jikoni, akapakua upya. Obusuma ya moto, paja la kuku, mchuzi mpaka ukingoni mwa sahani. Alitoka nayo, akaiweka mapajani mwa Griffin.

"Kula, mwanangu. Wewe umesoma, hizi vitu zetu huziaminingi. Na huko unaenda ni maharagwe tu."

Griffin aliitazama ile sahani. Mkono wake uliinuka, ukasogea karibu na tonge, ukarudi gotini. Mama yake alikuwa bado chini, anamtazama yeye. Mchuzi ukaanza kuganda. Gari la polisi lilipoingia langoni alikuwa bado ameishika sahani kwa mikono miwili, na hakuwa ameonja kitu.